Kesi Huanzia Matangani

(Maneno niliyoyasema mbele ya familia zilizofiwa, katika ukumbi mmoja mjini Voi. Nimeyaandika kwa sababu wengi waliomba wapate kuyasoma tena nyumbani.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wa bodaboda mliosimama pale mlangoni, hamjambo. Sidhani kama humu ndani kuna mtu asiye na jina la mtu wa kwao aliyeondokea kwenye hii barabara ya Mombasa na Nairobi, au kwenye timbo la mawe, au kwenye wodi ambayo hakuna aliyekuja kumwangalia usiku kucha. Siwezi kuanza kabla ya kuwapa pole. Poleni sana.

Mimi ni wakili, lakini leo nataka niwaambie kwanza habari za mama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba alipogongwa na lori akiwa kwenye baiskeli, jioni, akitoka kazini. Siku ya saba, watu wakiwa bado wamelala mikekani, walikuja wanaume wawili waliovaa vizuri. Walileta gunia la mchele, mfuko wa sukari na shilingi elfu thelathini ndani ya bahasha. Walizungumza kwa upole, wakasema wametumwa na mwenye lori kuleta rambirambi. Wakatoa karatasi. Mama hakujua kusoma. Akaweka kidole gumba. Karatasi ile ninayo mpaka leo, ndani ya kopo la biskuti. Imeandikwa kwamba familia imelipwa na haitadai chochote tena, sasa wala baadaye.

Miaka mingi baadaye, nikiwa darasani nasomea sheria, ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa na hati yoyote ya mahakama ya kumruhusu kufunga madai ya marehemu. Wala hakuwa na mamlaka ya kuuza haki yetu sisi watoto watano kwa gunia la mchele. Karatasi ile ingeweza kupingwa. Lakini hakuna aliyemwambia, na yeye aliamini kidole chake kimemaliza kila kitu, na muda ukapita. Ndiyo maana nasema kesi ya kifo haianzii mahakamani. Huanzia matangani, wakati ambapo hakuna mtu mwenye akili ya kufikiria kesi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo. Mnapochagua nani atasimamia jikoni, nani atapokea michango, nani atakwenda mochari, chagueni na mtu mmoja wa karatasi. Si lazima awe msomi. Awe mtulivu, na asiwe mfiwa wa karibu kabisa, maana mjane ana msiba wake wa kubeba. Mtu huyo apewe mkoba, na kila karatasi iingie humo: namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, jina la kituo cha polisi, namba ya gari, picha ya stika ya bima kama ipo kiooni, majina na simu za waliokuwepo, risiti za hospitali, za mochari, za jeneza, za gari la kubebea mwili, kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu. Asiyeona umuhimu wa risiti ya jeneza leo ataulizwa na hakimu baada ya miaka miwili. Gharama za mazishi hudaiwa, lakini hudaiwa kwa ushahidi.

Na yeyote atakayekuja na kalamu kabla ya arobaini, aambiwe hivi: "Ahsante kwa kuja kutupa pole. Karatasi tuachie, tutaipeleka kwa wakili." Akikataa kuiacha, mmeshajua ilikuwa karatasi gani. Rambirambi ya kweli haihitaji sahihi.

Sasa tuingie kwenye sheria yenyewe, na nitasema ya hapa Kenya.

Mtu akiuawa kwa uzembe wa mwingine, kuna kesi mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya polisi. Dereva akishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, Sheria ya Trafiki inaruhusu afungwe hadi miaka 10. Kesi hiyo ni ya Jamhuri, nyinyi ni mashahidi tu. Akitozwa faini, inakwenda serikalini, haiji kwa mjane. Ya pili ni ya madai, na hiyo ndiyo yenu. Hapa mnamshtaki dereva pamoja na mwenye gari ili walipe fidia. Hamna haja ya kungoja ya kwanza iishe. Dereva akipatikana na hatia, uamuzi ule unawasaidia sana kwenye madai. Akiachiliwa, bado mnaweza kushinda, kwa sababu jinai inataka ushahidi usioacha shaka ya maana, na madai yanataka tu mizani ielemee upande wenu. Nimeona familia zikikata tamaa siku dereva alipoachiliwa, zikafunga mkoba na kuurudisha kabatini. Msifanye hivyo.

Madai yenyewe yanasimama juu ya sheria mbili. Iko Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ambayo ni ya wale waliokuwa wakimtegemea marehemu. Na iko Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo inachukua madai ambayo marehemu mwenyewe angekuwa nayo kama angeishi, yaani maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho na umri aliokatizwa, na kuyaingiza kwenye mali yake. Hizi za pili huwa ni pesa kidogo. Kwa kukatizwa umri mahakama zetu zimezoea kutoa kama shilingi 100,000. Uzito uko kwenye utegemezi.

Nani mtegemezi? Sura ya 32 inawataja mke, mume, mzazi na mtoto. Neno mzazi linamchukua na babu na nyanya, na mtoto linamchukua mjukuu na mtoto wa kambo. Kaka na dada hawamo. Naona wengine wamekunja uso, na mimi siipendi sehemu hiyo, kwa sababu kwetu kaka mkubwa ndiye aliyewasomesha wadogo zake. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na ni afadhali mjue leo kuliko kuambiwa siku ya hukumu.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapovunjika. Sheria hiyo inaruhusu kesi moja tu kwa kifo kimoja. Moja. Si ya mke mkubwa na nyingine ya mke mdogo, si ya wazazi Taveta na nyingine ya mjane Mombasa. Wote wataingia ndani ya kesi ile ile, majina yote yaorodheshwe, kisha mahakama ndiyo itakayogawa kila mtu fungu lake. Wakwe wakikimbilia kufungua kesi na kumwacha mjane nje ya orodha, wamemtoa kwenye haki yake. Nimewahi kukaa na mama aliyegundua kesi ya kifo cha mumewe siku pesa zilipokuwa zimeshalipwa. Alikuwa na watoto wawili wa shule ya msingi. Sikuwa na jibu zuri la kumpa, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na uchungu.

Na watoto wa nje? Mtoto ni mtoto. Mama zangu, najua jambo hili linauma likiibuka kaburini, lakini aliyekuwa akilishwa na marehemu aorodheshwe.

Kesi ya namna hii kwa kawaida hufunguliwa na msimamizi wa mali ya marehemu. Hapo ndipo watu hupotea, wakidhani barua ya chifu inatosha. Barua ya chifu inawataja warithi, lakini haimpi mtu mamlaka ya kushtaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba mtu asiye na hati ya usimamizi hawezi kudai kwa niaba ya mali ya marehemu, hata awe mke au baba mzazi. Kesi iliyofunguliwa kabla ya hati hufa, na ikifa baada ya muda kupita haifufuki. Habari njema ni kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatoa hati ndogo, ya kushtaki tu. Haigusi shamba wala nyumba, na hupatikana haraka kuliko ile kubwa. Inatakiwa cheti cha kifo, barua ya chifu na kiapo. Ndugu zangu Waislamu ambao mama yuko eda, kamishna wa viapo anaweza kufuatwa aje nyumbani. Eda isiwe sababu ya karatasi kukwama.

Na kama mwenye hati amekaa nayo tu? Kama hakuna msimamizi, au yupo na miezi 6 imepita tangu kifo bila ya yeye kufungua kesi, Sura ya 32 inawaruhusu wategemezi wenyewe kushtaki kwa majina yao, kwa utegemezi wao. Wajane wanaoburutwa na shemeji zao, kumbukeni hiyo miezi 6.

Muda wa mwisho wa madai ya utegemezi ni miaka 3 tangu siku ya kifo. Si siku ya ajali, wala siku mlipopata wakili. Miaka 3 inaonekana mingi. Mwaka wa kwanza unaishia kwenye msiba, wa pili kwenye ada za shule na madeni, na wa tatu mtu anasikia redioni kwamba kuna haki ya fidia, akija ofisini amechelewa kwa wiki mbili. Na kama aliyekosea ni mtu wa serikali, gari la serikali au hospitali ya umma, muda ni mfupi zaidi: miezi 12. Andikeni tarehe hizo mbili kwenye ubavu wa ule mkoba, kwa kalamu nene.

Sasa fidia hupigwaje hesabu? Mahakama huangalia vitu vitatu: marehemu alipata kiasi gani kwa mwezi, angeendelea kufanya kazi miaka mingapi, na sehemu gani ya pato ililisha nyumba. Aliyekuwa na mke na watoto mara nyingi huhesabiwa kwamba theluthi mbili ziliishia nyumbani. Kijana asiyeoa aliyewasaidia wazazi, theluthi moja. Tuchukue fundi wa kujenga wa miaka 35 aliyepata shilingi 20,000 kwa mwezi, na hakimu akampa miaka 20 ya kazi. Mara 12, mara 20, kisha theluthi mbili: shilingi 3,200,000. Yule yule, familia ikishindwa kuonyesha pato lake na hakimu akaweka 15,000, inakuwa 2,400,000. Laki nane zimepotea kwa sababu hakuna aliyejua marehemu alikuwa akilipwaje.

Mtasema: fundi hana hati ya mshahara. Ni kweli, na majaji wanalijua hilo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa fikra kwamba kazi na pato la mtu vithibitishwe kwa vyeti na makaratasi pekee, kwa sababu Wakenya wengi hawaweki kumbukumbu na bado wanaishi kwa jasho lao. Basi leteni mlichonacho. Taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili. Daftari la chama alikokuwa akiweka akiba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyemkopesha saruji. Tajiri wake wa mwisho, yaani aliyemwajiri. Risiti za ada alizolipa shuleni. Mama aliyeuza samaki Kongowea hana karatasi, lakini mchuuzi wa jirani yake anajua alinunua kapu ngapi kila alfajiri, na anaweza kusimama kizimbani akasema. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko mengine yote niliyoyasema: kumthibitisha marehemu kwamba alikuwa mtu wa kazi ni namna ya kumheshimu, na si uchoyo. Msione haya.

Anayelipa mara nyingi ni kampuni ya bima, kwa sababu kila gari barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, ile ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa na gari, chini ya Sura ya 405. Lakini bima ina mtego wake: isipoarifiwa mapema kwamba kuna kesi, inaweza kukwepa kulipa hukumu. Wakili wenu atume notisi kabla ya kesi kufunguliwa, na mumwombe nakala iliyopigwa muhuri. Pia bima halazimiki kwa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi anadaiwa mwenye gari. Yule fundi wetu wa 3,200,000, zile laki mbili zitatoka mfukoni mwa mwenye lori, kama atapatikana. Ndiyo maana jina lake linatafutwa kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, haliaminiwi lile lililopakwa rangi ubavuni mwa lori. Na ndugu zangu wa bodaboda, abiria wenu akifa bila helmeti, upande wa pili utasema alijiletea mwenyewe, na fidia inaweza kukatwa. Helmeti ya pili isiwe ya kutundika kwenye usukani.

Aliyefia kazini ana njia nyingine. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile watu wanayoiita WIBA, haiulizi sana nani alikosea. Kifo kikitokana na kazi, wategemezi wanastahili fidia ya mishahara ya miezi 96. Tajiri anatakiwa kumwarifu afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24 mfanyakazi anapokufa. Madai huanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani. Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwezi Desemba 2019. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kupinga, kisha kuna Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12 ya kifo. Wa timbo, wa mashamba ya mkonge, walinzi wa usiku: hata aliyelipwa kwa siku ni mfanyakazi. Tajiri akisema "huyu alikuwa kibarua tu", hilo ni neno lake, si la sheria.

Hospitalini ni kugumu zaidi, kwa sababu ushahidi wote uko mikononi mwa mnayemlaumu. Ombeni faili la mgonjwa kwa maandishi, mapema. Ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika, na kama mna uwezo muwe na daktari wenu wa kuutazama. Najua kwetu sisi Waislamu kuzika ni haraka, na kumpasua marehemu kunatuchoma. Zungumzeni na shekhe wenu, lakini jueni kwamba bila uchunguzi kesi ya hospitali inabaki na mguu mmoja. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, na hayo hayazuii kesi ya madai. Na msikubali mwili kushikwa kwa deni. Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba maiti si dhamana.

Aliyefia mikononi mwa polisi, habari yake ipelekwe IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo ina wajibu wa kuchunguza vifo vya namna hiyo. Polisi wakisema hawajui aliyeua, dai uchunguzi wa hakimu kuhusu chanzo cha kifo, na familia iende na wakili wake. Haki ya kuishi iko kwenye Kifungu cha 26 cha Katiba, na Kifungu cha 22 kinakupa mlango wa kwenda nayo Mahakama Kuu.

Nimalizie na sisi mawakili, kwa sababu aibu yetu nayo ni yetu. Kuna watu wanaozunguka mochari na vituo vya polisi wakiwawindia mawakili wafiwa. Wakili mwema hamtumi mtu mochari. Kuna anayekwambia, "Hulipi kitu, tukishinda tunagawana." Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano ya kulipwa kwa kushinda tu, ada ina viwango vyake. Na lipo lililo baya kuliko hayo: pesa za fidia huingia kwanza kwenye akaunti ya wakili, na wapo walioziacha zilale humo huku mjane akiambiwa "kesi bado." Nenda mahakamani na namba ya kesi yako, uliza sajili kama hukumu imetoka na kama bima imelipa. Ni faili lako. Ukiona umedhulumiwa, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kulalamika hapo hakuhitaji wakili mwingine. Asiye na uwezo wa ada aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

Fungu la watoto mahakama huweza kuagiza liwekwe benki mpaka wafike miaka 18. Akina mama wengine hukasirika, wanasema watoto wanataka kula leo. Mnaweza kuiomba mahakama itoe za ada na matibabu huku nyingine zikibaki. Sisi tuliokua na gunia moja la mchele tunajua fungu lile lingekuwa nini kwetu kidato cha kwanza.

Nimekuja na meza mbili pale nyuma, na vijana wawili wa ofisini kwangu. Wenye mikoba yenu, hata kama karatasi zimelowa, hata kama mnadhani muda umeshapita, zileteni tuzitazame tarehe pamoja. Tutakaa mpaka magharibi. Maswali sasa. Mama mwenye leso ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja lile kopo la biskuti, aanze yeye.